Amin Niliyoitikia kwa Mazoea

Ijumaa, 17 Oktoba 1997

Daftari hili kaniletea Kaka Zubair leo kutoka dukani kwake Bomeni, mbali kule ng'ambo ya Mwatate. Kurasa mia mbili, jalada gumu, na jina langu kaliandika mwenyewe kwa wino: Mwanaesha Alwi, darasa la watu wazima, Voi. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, nimefurahi kama mtoto wa nasari. Nimeamua mbele nitaandika Kiingereza cha Mwalimu Pauline, na nyuma nitaandika mambo yangu kwa Kiswahili. Mwalimu katuambia tuandike kila siku hata mstari mmoja, mkono uzoee. Haya, mkono, zoea.

Kaka kaja na neno. Baada ya sala ya Ijumaa tumekaa kikao, yeye, mimi na Mama. Kasema Mama jicho moja limekwisha, la pili linaona mwanga tu, na yeye ndiye mwana wa kiume. Ana nyumba ya matofali na sakafu ya saruji, na mkewe hana neno na mtu. Kabla ya Ramadhani atakuja amchukue Mama akaishi naye Bomeni moja kwa moja. "Umemtunza miaka kumi na mmoja, Mwanaesha, tangu ufiwe na mumeo. Mungu akulipe. Sasa na wewe pumzika." Alivyolisema, machozi yalinitoka. Akainua mikono, akasoma Fatiha, nami nikaitikia amin.

Kwetu sisi kikao hufungwa hivyo tangu enzi za marehemu Baba. Fatiha ikishasomwa neno limefungwa, na amin ndiyo sahihi yako. Sijapata kuona mtu wa nyumba hii akirudi nyuma ya amin yake. Mama yeye alikuwa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, kichwa kimeinama. Maskini, alikuwa anasinzia, hata amin hakuitikia.

Nikaenda kuosha vikombe. Nikiwa na kikombe cha pili mkononi ndipo nilipojiuliza: we Mwanaesha, umeitikia nini?

Jumamosi, 18 Oktoba

Kaka kaondoka asubuhi. Mawingu mazito upande wa milima. Kofia ndizo riziki yangu, na leo nimeshona moja nusu, nikafumua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Darasani tuko kumi na mmoja, katika chumba cha shule ya msingi watoto wakishakwenda zao, madawati yanabana magoti. Mwalimu Pauline Wakio ni binti wa Wusi, huko milimani, hajafika miaka thelathini, sauti ndogo lakini hacheki ovyo. Leo kaandika neno moja ubaoni: disagree. Akauliza, kwa Kiswahili mnasemaje?

Jamani, tulivyobishana! Mmoja akasema kukataa. Mwalimu akasema kukataa ni zaidi, ni kama kufunga mlango. Mwingine akasema kupinga. Kimeu, fundi baiskeli anayekaa nyuma yangu, akasema, "Hapana mwalimu, kupinga ni ya wanasiasa. Mimi nikipinga bibi yangu, hiyo siku nakula nje." Kuhitilafiana, nikasema mimi, nikijiona msomi. Mwalimu akasema ndiyo, hilo liko karibu, lakini lini mara ya mwisho ulimwambia mtu, "Mimi nahitilafiana nawe"?

Nikafikiri. Nikamwambia ukweli: mimi jambo nisipolitaka husema "inshallah." Darasa zima likacheka. Peris, anayeuza kabichi sokoni, akasema, "Na sisi huko milimani tunasema 'tutaona.' Ukiambiwa tutaona, wewe nenda nyumbani."

Mwalimu alicheka pia. Kisha akasema neno hili halina matusi ndani yake. Unaweza kulisema na bado ukamheshimu mtu, ukanywa naye chai. Katupa kazi ya msimu mzima: sentensi kumi zenye neno hilo, tuzisome mbele ya wote kabla ya kufunga mwezi wa Desemba. Na ziwe za kweli, si za kubuni.

Nimerudi njiani nikiwaza, za kweli nitazitoa wapi? Mimi sijapata kumwambia mtu hapana. Na Kaka Zubair ndiyo kabisa. Baba alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi saba. Aliacha shule akasimama dukani, tukala. Nilipougua surua alinibeba mgongoni mpaka hospitali, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje hapana?

Jumatano, 22 Oktoba

Sentensi ya kwanza: nimeandika kwamba sikubaliani na mvua. Mwalimu kakata kineno kimoja kwa wino mwekundu. Mimi huandika "I am disagree." Akasema, "Bi Mwanaesha, wewe si disagree. Wewe unafanya disagree." Nimeandika tena mara tano. Mvua haikujali.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua. Redio inasema hii ina jina, Elnino. Hata mvua siku hizi zinapewa majina ya watoto wa kizungu.

Jumatano, 5 Novemba

Simu kwa Fuad. Fuad ndiye jirani yetu mwenye duka na simu, akiitwa mtu hugonga ukuta. Nikakimbia na kanga kichwani. Alikuwa Kaka: anakuja Jumapili na pikapu, Mama awe tayari. Nikasema, "Inshallah, Kaka." Nikaweka simu. Fuad akaniuliza kama kuna msiba.

Jumapili, 9 Novemba

Hakuja. Barabara imekatika mbele ya Mwatate, maji yamechukua tuta zima. Nimefurahi mpaka nikaona haya mwenyewe, maana jirani anasema kuna watu huko mashambani wamelala juu ya paa. Astaghfirullah. Nimewaombea.

Mama kaniuliza nani alikuwa aje. Nikamwambia, Zubair. Akasema, "Aa." Basi.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumesomeana sentensi za mwanzo. Kimeu ana ugomvi na mbuzi wa jirani yake, kaandika kwamba "I disagree with the goat." Mwalimu akamuuliza mbuzi alisema nini hata mkahitilafiana. Kimeu akasema, "Mwalimu, hiyo mbuzi inasema na macho." Peris naye kaandika kwamba maharagwe hayakubaliani na tumbo lake, tukajua hapo kakosea. Kumbe ni sahihi! Waingereza husema hivyohivyo, chakula kikikukataa. Peris alitoka darasani kifua mbele, mimi nikamwonea wivu. Zangu tatu zote ni za mvua.

Mwalimu kaziangalia akasema, "Bi Mwanaesha, mvua haiwezi kukujibu. Tafuta mtu."

Nimeudhika kidogo. Mtu nimtoe wapi? Lakini nilipofika nyumbani nimemshukuru. Mwalimu wa kunitazama daftari sentensi kwa sentensi nilimpata wapi maishani? Mimi nilitolewa darasa la nne.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Kofia mbili zimepata ukungu.

Jumatano, 19 Novemba

Kaka kapiga tena. Atakuja wiki ijayo barabara ikipitika. Safari hii nilijikaza. Nikasema, "Kaka..." Akasema, "Naam, dada yangu?" Sauti yake kwenye simu ni ya Baba tupu. Nikasema, "Msalimie Wifi."

Fuad alinitazama akatingisha kichwa, akarudi kupima mchele.

Na nikiwa mkweli, Kaka ana haki. Nina nini mimi cha kumpa Mama? Chumba kimoja na jiko, mabati aliyoyapigilia Baba mwaka sijui gani. Bomeni kuna sakafu kavu. Leo nimelala mchana nikajiambia, mwache aende, wewe unajitakia mwenyewe, unaogopa kubaki peke yako. Labda ni kweli. Sijui.

Jumamosi, 22 Novemba

Bati limetoboka, maji yanadondoka pale pale kwenye kitanda cha Mama. Alikuwa kibarazani anavuta uradi. Nikakisukuma kitanda mpaka ukuta wa pili, karibu na kabati, nikaweka beseni chini ya tundu. Nikajisifu kwa akili zangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Sikwenda darasani. Usiku umekwenda, lakini nitaandika, maana nisipoandika sitalala.

Ni lazima niseme kwanza jinsi Mama anavyoishi. Mama hapapasi. Mgeni akija kwetu anaweza kukaa saa nzima asijue kwamba haoni. Kutoka kitandani mpaka mtungi wa maji ni hatua kumi na nne. Kutoka mtungini mpaka mlango wa nyuma ni sita. Treni ya asubuhi ikipiga honi anajua saa, na mtu akipita njiani anamjua kwa mwendo kabla hajatoa salamu. Mimi nimeyaona hayo kila siku kwa miaka kumi na mmoja, na kama vile mtu asivyoona pua yake, sikuyaona.

Asubuhi hii nilikuwa uani nawasha jiko. Mama kaamka, kashuka kitandani, kahesabu hatua zake kumi na nne kama kawaida kwenda kutia udhu. Kitanda hakikuwa pale kilipokuwa. Jana na juzi nilikuwa nikimshika mkono mwenyewe, sikufikiri. Nilisikia kishindo tu. Nikamkuta chini, paji la uso limepasuka kwenye pembe ya kabati, damu mpaka kwenye kanga.

Zahanati wamemshona nyuzi tatu. Nesi akaniuliza kaangukaje. Mimi ndiye niliyemwangusha. Nilimhamisha mama yangu ndani ya nyumba yake bila kumwambia.

Tuliporudi nikamkalisha, nikamshika miguu, nikalia. Mama akanigusa kichwa. "Basi, Esha. Basi. Rudisha kitanda tu."

"Panavuja, Mama."

"Na pavuje. Mimi si chumvi."

Nikarudisha kitanda, nikafunika kwa nailoni. Kisha nikamuuliza. Yarabi, tangu Oktoba hili ndilo lilikuwa la kuuliza, na mimi nazunguka na simu ya Fuad! Nikasema, "Mama, wewe wataka kwenda Bomeni?"

Akasema, "Umenisogeza hatua nne, tazama uso wangu. Bomeni ni hatua ngapi?"

Akaendelea taratibu, anasukuma tasbihi, "Hapa mimi si kipofu, Esha. Siku nitakayofika kwa Zubair ndiyo siku nitakayokuwa kipofu. Nitashikwa mkono kwenda chooni mpaka nife. Watanishika vizuri, najua, mkewe ni mtu mwema. Lakini nitashikwa."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Nilisema. Nyinyi ndio hamkusikia."

Siku ile alikuwa amesinzia, mimi nilimwona kwa macho yangu. Nikadhani ni maumivu ya kichwa yanamsahaulisha. Sikumbishia.

Jumatano, 26 Novemba

Mwalimu Pauline, Peris na Kimeu wamekuja kumwona Mama. Peris kaleta kabichi mbili kubwa, Kimeu kaleta kipande cha mpira wa tairi, kapanda juu ya paa na viatu vyake vya mvua akaziba lile tundu. Mama aliwatambua wote watatu baadaye kwa nyayo. Alhamdulillah kwa watu hawa, ambao mwaka jana nilikuwa siwajui hata majina.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeandika sentensi ya kumi. Niliiandika mchana peke yangu, mlango umefungwa kama mwizi. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba mimi na kaka yangu hatuoni mamoja kuhusu mama yetu. "I disagree with my brother about our mother." Kisha nikaongeza, bila kuambiwa, "He is a good man. I disagree with him."

Ajabu ni kwamba haikuniuma. Kwa Kiswahili ningekuwa nimekwisha kuzimia. Kwa Kiswahili yeye ni Kaka Zubair, aliyenibeba na kiatu kimoja. Kwa Kiingereza ni mtu na dada yake tu, wamekaa kwenye mstari mmoja, kila mmoja na upande wake.

Jumatatu, 8 Desemba

Tumesoma mbele ya darasa. Kimeu kamaliza habari za mbuzi, wamepatana, mbuzi kauzwa. Zamu yangu ikafika. Nilisoma zote, za mvua tano, ya kabati, ya Elnino, mbili za Fuad na mzani wake, halafu ile ya kumi. Mwalimu kaweka alama ya vema, nyekundu, kubwa, akaandika "Very good."

Kimeu, asiyejua kunyamaza, akauliza, "Na huyo kaka anajua?"

Nikasema, "Hajui."

Mwalimu hakunicheka. Akasema, "Sentensi ni sahihi. Hiyo ndiyo kazi yangu, na imekwisha. Kumwambia ni kazi yako." Tulipokuwa tunatoka akanishika bega. "Mimi nilimwambia baba yangu hapana mara moja tu, huko Wusi, wakati nataka kusomea ualimu. Sikulala. Kesho yake alinitumia mkungu wa ndizi. Mpaka leo hatujazungumza habari hiyo, lakini ndizi nilikula."

Nilimweleza habari ya Fatiha na amin. Yeye ni Mkristo, akasikiliza kwa makini, akasema mambo ya ibada hawezi kuniingilia. "Ila swali moja, Bi Mwanaesha. Ulipoitikia, ulikuwa umeulizwa?"

Jumatatu, 15 Desemba

Mvua. Kila mti una picha ya mgombea, zote zimelowa.

Ijumaa, 19 Desemba

Simu. Njia imefunguka. Kaka yuko Mwatate tayari, kalala kwa rafiki, kesho asubuhi atakuwa hapa. Nikasema, "Karibu, Kaka." Sikusema inshallah. Sijui kama alisikia tofauti.

Jumapili, 21 Desemba

Ya jana nayaandika leo.

Kaka kafika saa nne, pikapu imejaa tope mpaka kwenye kioo. Kaleta godoro jipya limefungwa kwa nailoni, la Mama kulalia njiani. Nikambusu mkono. Kaona bendeji ya Mama, uso ukambadilika, nikamweleza yote, kwamba ni mimi. Hakunifokea. Akasema kwa upole, "Unaona, dada yangu? Umechoka. Ndiyo maana nimekuja." Upole ule uliniua kuliko ungekuwa ukali.

Nikaenda jikoni kuwasha chai. Nikamsikia anamwambia Mama, "Hebu nione bint Alwi amefika wapi na masomo yake." Daftari liko juu ya kabati! Lakini nani ana haki ya kulifungua kama si yeye, si kalinunua, si kaandika jina langu kwa mkono wake?

Niliporudi na sinia alikuwa amekaa kwenye stuli, miwani puani, daftari limefunguliwa mbele, upande wa Kiingereza. Alikuwa anatabasamu, na najua ni Fuad na mzani wake. Kisha tabasamu likaondoka. Ukurasa ule hakuufunua. Chai ikafanya utando.

"Mwalimu kakupa vema," akasema.

"Ndiyo, Kaka."

"Hii ni zoezi tu, ama ni kweli?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo. Ningesema ni zoezi, tungekunywa chai, na adhuhuri Mama angepandishwa garini. Neno moja tu. Na lilikuja mpaka kwenye ulimi, wallahi.

Nikasema, "Ni kweli, Kaka. Mimi sikubaliani nawe kuhusu Mama."

Nilisema kwa Kiswahili, hapo hapo mbele ya uso wake. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Kaka akavua miwani. Hakukasirika, ningejua. Aliumia. "Lakini Fatiha ilisomwa, Mwanaesha. Uliitikia amin. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Niliitikia. Niliitikia kwa mazoea. Maisha yangu yote wewe ukiinua mikono mimi naitikia, kwa sababu hujapata kunipeleka pabaya. Hata sikusikiliza unaomba nini. Kosa ni langu, nisamehe. Lakini hapa utakuwa umemwondolea Mama macho yaliyobaki."

"Neno lilifungwa," akasema, na safari hii sauti ilikuwa nzito. "Tukianza kufungua ya Fatiha, nyumba hii itabaki na nini?"

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi miezi miwili.

Ndipo Mama akasema kutoka kitandani alikokuwa amekaa, bila kuinua kichwa, "Halikufungwa."

Tukamgeukia wote wawili.

"Mimi sikuitikia," Mama akasema. "Zubair, siku ile uliitikiwa na Esha peke yake. Nani alinisikia mimi nikisema amin?"

"Mama, ulikuwa umesinzia," Kaka akasema.

"Nilikuwa macho, mwanangu. Nimefiwa na macho, sijafiwa na masikio. Baba yenu alikuwa akisoma Fatiha anangoja amin ya kila mtu, mpaka ya mtoto. Wewe hukungoja. Nikanyamaza, nikasema mtaona wenyewe kwamba imepungua moja. Mmekwenda zenu, mmoja ananunua godoro, mwingine analia na simu. Hakuna aliyehesabu."

Yarabi, aibu niliyoiona! Nikakumbuka nilichokiandika mwenyewe ukurasa wa kwanza wa huku nyuma: hata amin hakuitikia. Niliiona nikaiandika nikaipita.

Mama akasimama. Kaka akaruka kumshika mkono, Mama akautoa taratibu. "Keti." Akaenda. Nilihesabu kimoyomoyo, na najua Kaka naye alihesabu, maana midomo yake ilitingishika. Kumi na nne. Akachukua kata, akateka maji mtungini, akarudi hajamwaga tone, akampa Kaka. "Kunywa, umetoka safari."

Kaka alishika kata kwa mikono miwili. Akanywa. Nikaona bega lake linatetemeka, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili. "Nilitaka usipate taabu, Mama," akasema. "Watu wananiuliza mama yako yuko wapi, nasema yuko kwa dada yangu, naona kama nimeshindwa."

"Hukushindwa chochote, baba. Ulitulea wote wawili hapa," Mama akasema. "Waambie yuko kwake."

Tulikunywa chai ya baridi. Hakuna aliyeipasha. Kisha Kaka akasema tukae kikao. Mama atabaki Voi. Siku ya pili ya Idi atakuja kutuchukua sote twende Bomeni kwa siku tatu, na Mama atafundishwa hatua za huko kabla ya kuachwa asimame. Akainua mikono, akasoma Fatiha, polepole kuliko nilivyopata kumsikia. Alipomaliza hakushusha mikono. Alingoja.

Mama naye alimngojesha, huyu bibi! Akasukuma tasbihi punje moja, ya pili, ya tatu. Kisha akasema amin, na Fuad akaisikia ng'ambo ya ukuta. Nami nikaitikia baada yake, na safari hii nilijua nimeitikia nini.

Jumatatu, 22 Desemba

Kaka kaondoka. Godoro kaliacha. Kabla ya kwenda kapanda paani kukagua mpira wa Kimeu, akashuka anasonya.

Jumatatu, 29 Desemba

Kura. Nimepanga foleni toka alfajiri, mbele yangu Peris, nyuma yangu mvua.

Jumanne, 30 Desemba

Kesho au keshokutwa tutafunga, mwezi ukiandama. Nimeosha mtungi na kusaga pilipili manga. Nina mama, nina kaka, nina mwalimu, na nina tundu moja tu kwenye bati. Alhamdulillah.

Leo nimefungua daftari upande wa mbele, nimwandikie Mwalimu Pauline sentensi mpya. Chini ya alama yake nyekundu nimekuta mwandiko wa Kaka, wa wino. Kaniandikia kwa Kiingereza, herufi kubwakubwa nisitaabike: "I disagree with my sister about this roof. I am bringing new iron sheets at Idi."

Nimesoma mwenyewe, bila kamusi, mara tatu. Kisha nikaenda kwa Mama nikamwambia, "Mama, mwanao hakubaliani nami. Anasema paa hili halifai. Idi analeta mabati mapya."

Mama akainua mikono yote miwili, tasbihi inaning'inia.

"Amin," akasema. "Hiyo naitikia mwenyewe, bila kungojwa."